Njahi Zisizovunwa

Jua lilikuwa halijafika hata kimo cha ua wakati Nakhumicha alipomaliza kukata mstari wa pili wa njahi, yale maharagwe meusi yatambaayo. Alikata kwa panga, chini kabisa, shina likibaki ardhini, na kila shada la majani alililaza papo hapo lilipoangukia, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Maua ya zambarau yalikuwa bado na umande. Alikuwa ameingoja siku hii tangu mvua fupi zilipokatika, na mgongo wake, ambao kwa kawaida huanza kulalamika hata kabla ya chai, leo ulikuwa umenyamaza.

Ukitoa ekari yake hiyo moja, kijiji chote cha Tangi Mbovu kilikuwa rangi ya majivu. Huku nyuma ya Ndabibi watu wakishavuna huacha mashamba wazi hadi mvua ndefu, na udongo wa huku ni mwepesi kama unga. Mchana upepo ukishuka kutoka milima ya Eburru, utauona udongo wa mtu ukivuka barabara kwenda kwa jirani, na wa jirani ukiondoka kuelekea ziwani, wala hakuna anayeuliza unakwenda wapi. Watu hufunga madirisha, hufunika sufuria, na kusema ni kiangazi tu. Nakhumicha naye alikuwa akisema hivyohivyo miaka yake ya kwanza hapa.

Hakuwa mzaliwa wa huku. Alikuja Naivasha kutoka Bungoma akiwa msichana, akapanga chumba kimoja Karagita, akakata maua kwenye nyumba za plastiki za kampuni hadi kifua kikaanza kumbana. Walipomwachisha kazi walimpa kitu kidogo cha kumuaga, na hicho kitu kidogo chote alikiweka kwenye kukodi ekari hii ya Mzee Kinyanjui. Akalima kabeji. Msimu wa kwanza zilimpendeza, wa pili zikampendeza kidogo, wa tatu zikakataa kufunga kabisa, zikabaki majani yaliyochanuka ovyo kama sukuma wiki iliyopotea njia. Wachuuzi wa soko la Naivasha walizitazama tu wakawasha gari. Mbolea ya dukani nayo ilikuwa imepanda hadi ikawa kitu cha kuuliza bei na kurudi nyumbani.

Ndipo alipokutana na Obura, afisa wa kilimo wa wadi, kijana mwembamba mwenye pikipiki ya serikali isiyokuwa na mafuta ya serikali. Obura aliuchota udongo wake mkononi, akaupuliza, ukapeperuka wote. Akamwambia asiuache tena uchi wakati wa jua. Panda njahi mvua ikielekea kuisha, alisema, zitambae, zifunike ardhi kiangazi chote. Zikianza kutoa maua, kata, laza chini, usitoe hata jani moja. Mvua ikija, panda kabeji juu ya hayo matandiko. Nakhumicha akafanya hivyo. Leo ukipenyeza mkono chini ya majani yale, katika ukame huu, unakuta ubaridi na minyoo. Minyoo! Hata nyumbani kwao Bungoma hakuwahi kufurahi kuona mnyoo kiasi hicho. Miche ya kabeji ilikuwa tayari kitaluni karibu na mfereji, na mkataba wa kukodi ulikuwa umebakisha msimu huu mmoja tu. Kabeji zikifunga, angekodi tena. Zisipofunga, angerudi Karagita kusimama kwenye mageti ya mashamba ya maua asubuhi na kifua kilekile, na alijua vizuri kwamba hakuna atakayemchukua.

Tatizo la Nakhumicha, na tuseme ukweli ingawa tunampenda, ni kwamba alikuwa hawezi kujua kitu akanyamaza. Alizihubiri njahi zake kanisani, kwenye mfereji wa maji na kwenye foleni ya posho mill ya kusagia unga. "Hizi si za kula," alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Hizi ni chakula cha udongo." Sasa, njahi huku si kitu cha kufanyia mzaha. Mwanamke akijifungua, njahi ndizo hutangulia mlangoni. Januari hiyo mkaza mwana wa Mzee Kinyanjui alipopata mtoto, mke wa mzee alikuja mwenyewe hadi uani, akaomba atengewe japo mstari mmoja ukomae, ampikie mzazi. Nakhumicha alicheka. Akamjibu kwamba akianza kutenga mistari, udongo utakula nini? Mke wa mzee hakucheka. Alisema asante, akageuka akaenda zake. Mdomo huponza kichwa, lakini haukiponzi siku hiyohiyo.

Alikuwa ameinama kwenye mstari wa tatu aliposikia kengele. Akainua kichwa. Ng'ombe wa Mzee Kinyanjui, wale wa maziwa, weusi kwa weupe, walikuwa wamejipanga kando ya ua wamenyoosha shingo juu ya waya. Kiprugut, mchungaji wao, mtu mzima mwenye mvi na gambuti zilizozibwa kwa raba, alikuwa akifungua waya kwenye nguzo ya pembeni bila haraka yoyote.

"Kiprugut! Unafanya nini na hiyo waya?"

"Habari ya asubuhi, mathe. Mzee amesema niingize ng'ombe."

"Uingize wapi?"

"Hapa kwa mabua."

"Mabua gani? Wewe unaona mabua hapa?"

Kiprugut akalitazama lile shamba la kijani, maua, nyuki na yote, kisha akamtazama tena. "Mimi ni mtu ya kutumwa, mathe. Kuona si kazi yangu."

Nakhumicha akaenda akasimama penye ule mwanya, panga mkononi. Hakulinyanyua. Lakini Kiprugut alirudi nyuma hatua chache, akatoa simu, akaongea na tajiri wake kwa sauti ya chini.

Lazima ieleweke desturi ya huku, maana bila hiyo mtu ataona Mzee Kinyanjui ni mwizi tu, na mzee hakuwa mwizi. Anayekodi huchukua mavuno, mwenye shamba huchukua mabua. Ndivyo ilivyo tangu watu waanze kukodishana Tangi Mbovu. Ukishavuna mahindi yako, unafungua ua, ng'ombe wa mwenye shamba wanaingia kula kilichobaki. Hakuna anayeandikiana jambo hilo wala kubishana juu yake. Nakhumicha mwenyewe alifungua ua baada ya kila msimu, ng'ombe wakaingia kula majani ya kabeji, na mwaka ule kabeji zilipokataa kufunga waliingia wakala shamba zima.

Mzee alifika kwa miguu, sweta mwilini na kofia kichwani ingawa jua lilishaanza kuchoma. Aliegemea fimbo, akapumua kwanza.

"Mama, mbona unazuia ng'ombe?"

"Mzee, hizi si mabua. Sijavuna."

"Utavuna lini?"

Mzee akaionyesha kwa fimbo yake ile mistari miwili iliyolazwa chini, maua yake yakianza kunyauka.

"Unaona? Unakata na unatupa. Mimi nimepoteza ng'ombe moja juzi. Imelala tu ikakataa kuamka. Bale ya nyasi siku hizi hata huwezi uliza bei. Na hapa kwa shamba yangu kuna chakula imejaa, mtu anaitupa chini ioze. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Ilikuwa kweli. Mbavu za ng'ombe wake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Nakhumicha alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkasirisha.

"Mzee, ningojee mvua. Wiki chache tu. Nikipanda kabeji utaona."

"Ng'ombe haiwezi ngoja mvua ikiwa imekufa," mzee akasema. "Twende kwa chifu."

Ng'ombe wakaachwa nje ya ua na Kiprugut. Jebet, jirani yake Nakhumicha, naye mkodi wa shamba linalopakana na lake na mwimbaji wa kwaya, aliacha kufua akafunga leso akafuatana naye. Njiani Nakhumicha alimpigia Obura. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena, ikaita ikakatika.

"Wachana na huyo wa kilimo," Jebet akamwambia. "Sikiza. Huko usiongee mambo ya udongo hata kidogo. Sema ni chakula. Sema unangoja njahi zikomae."

"Jebet, nimeambia kila mtu. Nimesema mpaka kanisa."

"Ulisema ukijigamba. Leo utasema ukiwa na shida. Mungu anajua tofauti."

"Na wewe utasema?"

Jebet alitembea kidogo bila kujibu. "Nitasema," akasema. "Lakini usiniangalie nikisema."

Wale tunaowaita chifu hapa vijijini mara nyingi ni manaibu tu, lakini nani ataanza kuwasahihisha? Naibu huyu wa Tangi Mbovu aliitwa Kimeli. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mabati chenye meza moja, bendera, na viti vya plastiki vilivyoandikwa jina la kanisa. Alikuwa akinywa chai. Chai ilikuwa nzito, na kila mtu chumbani alijua maziwa yale yametoka kwa ng'ombe gani, kwa kuwa Kiprugut ndiye aliyekuwa akiyaleta kila asubuhi. Mkono mtupu haulambwi. Nakhumicha hakuwa na ng'ombe.

"Mzee Kinyanjui, karibu," akasema Kimeli. "Na nyinyi akina mama, kaeni."

Mzee alieleza mambo yake kwa utaratibu, bila kutia chumvi. Alisema hana ubaya na huyu mama, analipa vizuri, halewi, hana kelele. Ila ametangazia kijiji kizima kwamba havuni. Kama havuni, kilichoko shambani ni mabua, na mabua ni ya mwenye shamba. Akasema pia, sauti ikashuka kidogo, kwamba mke wake alikwenda kuomba njahi za mzazi akaambiwa hizi si za watu.

Kimeli akamgeukia Nakhumicha. "Ni kweli, mama?"

"Chifu, nilikuwa nacheka naye tu. Ni chakula. Nangoja zikomae nivune."

Maneno yalitoka yakiwa yamenyooka, hata yeye mwenyewe alishangaa. Kwa miezi alikuwa amesema ukweli kwa majigambo, na uongo huu mmoja aliusema kwa unyenyekevu kabisa, macho chini, mikono mapajani.

"Na hizo umekata leo ni za nini? Mtu anangoja njahi anakata ikiwa maua?"

"Ni njia ya kupita, chifu. Zilikuwa zimefungana, siwezi fika katikati."

Kimeli akapiga funda la chai. "Kuna shahidi?"

Jebet akasimama kama anayesimama kuimba. "Mimi ni jirani yake, chifu. Ni chakula. Ameniahidi kunipimia gorogoro mbili za njahi akivuna."

Nakhumicha alitazama sakafu, kama walivyokubaliana. Alimsikia Jebet akikaa, kiti cha plastiki kikilia, na pumzi ya rafiki yake ikitoka fupi fupi. Akamwapia moyoni kwamba atamlimia siku nzima, siku yoyote atakayoitaja.

Kimeli akaweka kikombe chini, akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu anayependa jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Alimtazama mzee kwa namna ya kumwomba radhi.

"Mzee, hapo sasa ni ngumu. Kama ni chakula, hata mimi mwenyewe siwezi sema ng'ombe iingie. Watu watasema serikali inalisha ng'ombe chakula ya watu na njaa iko hivi. Mambo ya akina mama kunyimana njahi, hiyo mtasameheana nyumbani. Mimi naona tumpe huyu mama muda—"

Simu ikalia.

Ililia ndani ya mfuko wa sweta ya Nakhumicha, kwa wimbo wa kanisa, sauti yote. Akaitoa ili aizime. Kwenye kioo kulikuwa na jina la Obura Kilimo. Kidole chake kikakosa mahali pa kubonyeza, na Kimeli, aliyekuwa amenyoosha shingo juu ya meza, akalisoma lile jina.

"Ni afisa ya kilimo huyo? Vizuri kabisa. Shika, mama. Weka loudspeaker, tusikie mtaalamu."

"Chifu, nitampigia baadaye."

"Shika sasa."

Akashika. Nyuma ya sauti ya Obura kulikuwa na kelele za vijiko na sahani.

"Mama Nakhumicha! Pole sana, nimeona simu zako. Niko Nakuru, tuko kwa semina ya afya ya udongo, tangu jana. Mama, leo nimetaja shamba lako mbele ya watu wote, wamekupigia makofi! Umeshaanza kukata?"

Jebet alifunika uso kwa leso.

"Afisa, hujambo," Kimeli akasema karibu na simu. "Hapa ni ofisi ya naibu wa chifu. Nataka kuuliza kitu moja tu. Hizo njahi za huyu mama zinavunwa lini?"

"Hazivunwi, chifu!" Furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali alilolitamani ilisikika kabisa. "Hapo ndipo wakulima wengi wanakosea. Ukingoja zizae, nguvu yote inaenda kwa mbegu. Hizo zinakatwa zikiwa maua, zinalazwa chini. Huyo mama ameshika vizuri kuliko wote."

"Kwa hivyo si chakula."

"Si chakula ya watu, chifu. Ni ya udongo."

Kimeli akaegemea kiti. Mzee Kinyanjui hakucheka wala hakuonyesha furaha. Alitazama kofia yake aliyoishika magotini.

"Bwana Obura," Nakhumicha akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha, "wanataka kuingiza ng'ombe."

"Nani? Hapana, hapana, hiyo haifai kabisa. Ng'ombe akila utabaki na udongo uchi, mvua ya kwanza itauosha. Chifu, tafadhali, hebu ngojeni nirudi, wiki ijayo nikipata mafuta nita..." Mtu aliita kwa mbali. "Mama, nisamehe, tunaitwa kwa picha ya pamoja. Nitakupigia." Simu ikakatika.

Uamuzi wenyewe haukuchukua muda. Kimeli alisema kisichovunwa ni mabua, na mabua desturi inajua ni ya nani. Alisema angeweza kumshtaki mtu kwa kudanganya ofisi lakini leo atasamehe. Akamgeukia Jebet akasema, "Na wewe, mama wa kwaya," basi, hakuongeza neno. Jebet alitoka nje kabla yao.

Nakhumicha alimfuata mzee hadi mlangoni. Hakuona haya kuomba. "Mzee, nusu. Wale nusu, wabakishe nusu. Nitaweka kamba katikati mimi mwenyewe."

"Mama, ng'ombe yenye njaa haijui nusu," mzee akasema. "Na mimi sikuchukii. Ungemwambia mama watoto nitakuwekea mstari, mimi singekuja asubuhi ya leo. Ningekaa kwangu." Kisha akaweka simu sikioni, akasema neno moja kwa Kiprugut. Fungua.

Nakhumicha alikimbia. Alifikiri akifika mapema atakata kadiri atakavyoweza, atalundika, atafunika kwa gunia, hata hakujua angefanya nini. Kifua kilimkamata karibu na kanisa, akasimama ameshika nguzo ya stima, akikohoa kile kikohozi cha Karagita, watoto wakimpita. Hasira yake haikuwa kwa mzee wala kwa Kimeli. Ilikuwa kwa nafsi yake, kwa mdomo wake, na kwa yale makofi aliyopigiwa Nakuru na watu wanaokula nyama.

Alipofika, ua ulikuwa wazi na ng'ombe wote walikuwa ndani. Walianza na ile mistari miwili aliyoikata asubuhi, kwa kuwa majani yaliyonyauka ni matamu na hayahitaji kuvutwa. Kazi yake yote ya alfajiri ililiwa kwanza. Kisha wakaingia kwenye yaliyosimama. Njahi hutambaa na kushikana, ng'ombe akivuta kamba moja anang'oa mita tatu, mizizi na yote, na udongo uliokuwa umelala kwa baridi tangu mvua fupi ukafunuliwa ukakauka papo hapo, rangi ikibadilika huku anautazama. Sauti ya kutafuna ilikuwa kubwa. Hakuwahi kujua kwamba shamba linaweza kuliwa kwa sauti namna hiyo.

Alikaa kwenye ndoo aliyoipindua kando ya kitalu, miche ya kabeji nyuma yake. Jebet alipita upande wa pili wa ua akaingia nyumbani kwake bila kugeuka. Kesho au keshokutwa wangeongea, lakini si leo. Mchana upepo ukashuka kama kawaida. Ulipita mashamba ya watu, ukafika kwake, na safari hii haukuruka juu ya majani. Ukainua vumbi la kwanza katikati ya ekari, likasimama kidogo, likaenda barabarani pamoja na la wengine.

Nakhumicha alilia. Alilia kwa ukali, akijifuta kamasi kwa upindo wa sweta, na ng'ombe mmoja aliinua kichwa akamtazama akitafuna. Alimlaani ng'ombe yule, akaona mbavu zake, akaacha.

Zilipobaki kamba tupu na vishina, ng'ombe walioshiba wakaanza kunya. Walikunya wakisimama, wakitembea, kila mahali, mavi ya kijani ya njahi, laini na mengi, yakitoa mvuke hata kwenye jua. Nakhumicha aliyatazama kwa muda kabla ya kuyaelewa. Kisha akainuka kwenye ndoo. Mavi ni mbolea. Si sawa na majani yaliyolazwa, hayafuniki kitu, lakini ni kitu. Udongo ungepata angalau yale yaliyopita tumboni. Alichukua jembe akaanza kuyazika palepale yalipoangukia, haraka, kabla jua halijayakausha, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake ilijua cha kufanya. Huenda miche mingine ikashika. Huenda robo ya ekari ikafunga. Alizika rundo moja, akazika jingine, akafuta jasho.

Kiprugut aliwatoa ng'ombe, akawafungia zizini, kisha akarudi. Alikuwa akisukuma wilbaro, ndani yake sepeto na magunia.

"Unataka nini tena, Kiprugut?"

Mchungaji hakutazama juu. "Mzee amesema niokote mavi."

"Mavi yaliyoko kwa shamba yangu?"

"Amesema mbolea imepanda sana. Na hiyo ni ya ng'ombe yake." Akaweka wilbaro chini. "Hata mimi naona si poa, mathe. Lakini nimetumwa."

Alianza upande wa chini. Sepeto yake ilichota kwa ustadi, ikipitisha ncha chini ya mavi na kunyanyua pamoja na udongo wa juu kidogo, ule mweusi, wenye minyoo. Gunia la kwanza likajaa. Alichokoa hata yale Nakhumicha aliyokwisha kuyazika, kwa kuwa udongo uliotifuliwa ulimwonyesha mahali pake. Nakhumicha hakumzuia. Alikwenda mbele yake polepole hadi kwenye rundo lililokuwa kubwa kuliko yote, katikati ya shamba, akatupa jembe, akavua viatu, akaingia ndani kwa miguu yote miwili. Mavi yalikuwa bado na joto. Yalipanda hadi kwenye vifundo.

Kiprugut alifika hapo na wilbaro. Alisimama.

"Mathe, toa mguu."

Nakhumicha hakutoa.

"Mathe, nitaambia mzee nini?"

"Mwambie hii inavunwa," akasema.

Upepo ulikuwa ukiwapita wote wawili, ukibeba udongo. Kiprugut alisubiri, ameshika sepeto, akimtazama mwanamke mtu mzima aliyesimama peku katika mavi katikati ya ekari tupu. Mwisho akavuta wilbaro nyuma kidogo, akamzunguka, akaendelea kuokota yale mengine.